Kabla ya kuuliza megapikseli, weka jicho kwenye kichungulio

Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua tuseme neno kuhusu kamera, hasa kwa vijana wa Mwanza wanaojipanga kununua ya kwanza ya kazi. Swali linalosikika kila duka ni lilelile: "Ina megapikseli ngapi?" Muuzaji anajibu 24, mteja anaridhika, pesa zinahesabiwa. Hakuna anayeuliza pale pa kuweka jicho pana nini ndani. Na kwa mwanga wa huku kwetu, kandokando ya ziwa, kazi nyingi huharibikia au kuponea hapo.

Tunazungumzia kile kitundu chenye raba nyeusi kinachobanwa jichoni, tukiite kichungulio. Kipo cha aina mbili. Cha zamani ni cha kioo: mwanga unaingia kwenye lenzi, unagonga kioo kilicholazwa kwa digrii 45, unapanda juu na kugeuzwa mpaka unafika jichoni. Cha kielektroniki hakina kioo hicho. Mwanga unakwenda moja kwa moja kwenye kihisi, yaani kile kipande kinachopokea mwanga na kuufanya picha, kihisi kinapeleka picha kwenye skrini ndogo kuliko stempu ya posta, iliyofichwa nyuma ya lenzi ya kuchungulia. Cha kioo kinakuonyesha watu waliosimama mbele yako. Cha kielektroniki kinakuonyesha picha utakayoondoka nayo.

Wapo wazee wa kazi wanaokidharau cha kielektroniki, na si bila sababu. Lumix G1 ya Panasonic, iliyofungua njia ya kamera za kubadilisha lenzi zisizo na kioo, ilitoka mwaka 2008, na vichungulio vya miaka ile vilikuwa vya kusinzia: ukigeuza kamera haraka picha inakuja nyuma yako, ukiingia gizani inajaa chengachenga. Baadaye Sony walileta Alpha 7 mwaka 2013, na mwaka 2018 Canon na Nikon nao wakaleta zao za kihisi kikubwa, EOS R, Z 6 na Z 7. Dharau inayosikika mpaka leo ni ya vichungulio vya mwanzo, na mwenye dharau hiyo aombe kamera ya miaka ya karibuni aishike dakika tano.

Sasa tuje kwenye mwanga. Mwanza iko kama digrii mbili na nusu tu kusini mwa ikweta. Saa sita mchana jua liko utosini, macho yanazama kwenye kivuli cha paji la uso, na ziwa linarudisha mng'ao kutoka chini na pembeni. Msimamishe bwana harusi juu ya mawe ya Capri Point, maji yanametameta nyuma yake. Kipima mwanga hakijui bwana harusi ni nani. Kinakusanya mwanga wote ulioingia na kuutafutia wastani wa kijivu, na kwa kuwa maji yamejaa mng'ao, kinaamua kupunguza. Uso unaishia kwenye giza. Anayetumia kichungulio cha kioo anauona uso huo vizuri kabisa, kwa sababu jicho la binadamu hujirekebisha lenyewe. Ubaya anaugundua baadaye, akikumbuka kukagua, tena akipata kivuli cha kukagulia.

Kwenye kichungulio cha kielektroniki uso unaonekana mweusi palepale, kabla hujabonyeza. Dawa ni gurudumu la +/-, la kuongeza na kupunguza mwanga. Ligeuze huku jicho limebaki mahali pake: +0.7, +1, wakati mwingine +1.7, mpaka uso ufunguke. Kumbuka +1 ni mwanga maradufu, kwa hiyo kuna kitakachoungua upande wa pili, na mara nyingi ni shela. Hapo ndipo inaingia ile mistari inayoitwa pundamilia, inayotembea juu ya sehemu zilizozidi mwanga. Iweke kwenye 100+ (namba hizi ni asilimia ya mwangaza) kwa ajili ya kitambaa cheupe: mistari ikionekana juu ya maji, iache, maji hayana kitu cha kupoteza, ikianza kupanda kwenye nakshi za gauni, rudisha gurudumu hatua moja, yaani theluthi moja.

Tukiwa kwenye pundamilia hapohapo, wapigaji wengi wa video wameshika namba 70 kuwa ndiyo ya uso. Namba hiyo inafaa ngozi nyeupe. Ukiifuata kwa uso wa Msukuma au Mkerewe utamfanya kama aliyepakwa unga. Kama kamera inakuruhusu kuchagua namba yako, anza kati ya 45 na 55, kisha uangalie uso wenyewe. Hili watengenezaji hawaliandiki kwenye kijitabu.

Wengine watasema skrini ya nyuma nayo inaonyesha kilekile, tena ni kubwa. Ni kweli ukiwa ndani. Nje, pale kivuko cha Kamanga saa saba mchana, skrini ya nyuma inageuka kioo cha kujitazamia: unaona shati lako na anga. Kisha kuna suala la mikono. Kamera iliyoshikwa mbele ya kifua ina nguzo mbili, mikono tu. Iliyobanwa kwenye paji la uso ina tatu. Tofauti inaonekana kwenye kasi ndogo ya shata, lile pazia la kupitisha mwanga, kama 1/30 ya sekunde, ambapo ya kifuani inatikisika. Na kwa sisi tuliovuka miaka arobaini kuna neema nyingine: skrini ya nyuma inataka miwani ya kusomea, kichungulio hakitaki. Pembeni yake kuna kigurudumu cha kurekebisha macho. Kizungushe huku ukitazama maandishi na namba zilizomo ndani, usitazame mandhari, mpaka herufi zikatike vizuri. Watu wengi wananunua kamera, wanaona ukungu, wanalaumu lenzi, kumbe kigurudumu kilisogezwa na kamba ya begi.

Picha zilizokwisha kupigwa nazo unaweza kuzikagua humohumo ndani ya kichungulio, juani, bila kutafuta mti. Jambo dogo, ila huokoa muda.

Lakini kichungulio hiki kikiwekwa vibaya kinadanganya, na lawama nyingi tunazozisikia zinatokana na mpangilio, chombo chenyewe ni kizima. Kosa la kwanza ni mwangaza wake kuachwa ujipange wenyewe. Kinapong'aa kupita kiasi, picha inaonekana imeiva, unafika nyumbani unakuta giza. Ingia kwenye menyu, ondoa hali ya kujipanga, weka sifuri, usiguse tena. Kosa la pili ni mtindo wa picha: rangi ikiwekwa ya kukolea na utofauti wa mwanga juu, vivuli vinaonekana vimekufa na pundamilia inapiga kelele mapema. Kichungulio, histogramu (grafu ya mwanga wa picha) na pundamilia vyote vinasoma JPEG, picha iliyokwisha kupikwa na kamera, hata kama unahifadhi RAW, ile ghafi. Chagua mtindo wa kawaida au usiokolea, na ujue kwamba kwenye RAW mara nyingi kuna akiba kidogo zaidi ya unachoonyeshwa.

Kosa la tatu ndilo linalowatoa jasho wapya. Kijana ameingia ukumbini, amefunga flashi, ameweka shata 1/160, tundu la lenzi f/8, ISO (usikivu wa kihisi) 100, anaweka jicho: giza tupu. Anadhani kamera imekufa. Kamera iko salama. Inamwonyesha kwa uaminifu jinsi picha ingekuwa bila flashi, kwa sababu haijui flashi inakuja. Flashi ya kampuni ileile ya kamera huwa inatambuliwa kwenye kamera nyingi na kichungulio kinajifungua. Vile vifaa vya bei nafuu vya kuwasha flashi kwa mbali, ambavyo vina ncha moja tu ya katikati, havitambuliwi. Kwenye Sony tafuta mpangilio wa kuonyesha athari za mipangilio, uzime. Kwenye Canon ni ule wa kuigiza mwanga wa picha. Nikon nao wana wa kwao kwenye menyu. Ukiuzima, kichungulio kinang'aa kama cha kioo, na ukimaliza kazi ya flashi uuwashe tena. Wengi husahau kuwasha, kesho yake wanapiga kanisani wakiona kila kitu kizuri na kurudi na picha nyeusi. Upangie kitufe kimoja cha pembeni, usiutafute kwenye menyu.

Tukiwa ukumbini, tazama pia rangi. Taa za mapambo za zambarau na kijani zinapaka nyuso, na kichungulio kinakuonyesha hivyo. Acha hali ya kujipanga yenyewe, weka Kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga, kwa mkono: karibu 5,200 kwa flashi na jua, 3,200 kwa taa za njano, na usogeze taratibu ukitazama ngozi. Ukiona mistari ya giza inapanda au kushuka ndani ya kichungulio, hiyo ni taa ya LED inayopepesa. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Weka shata 1/50 au 1/100 na mistari inatulia. Shata ya kimya, isiyo na mlio, ndiyo inayoathirika zaidi, na kamera nyingine haionyeshi mistari mpaka picha iwe kwenye kadi.

Wavuvi wa dagaa ni somo peke yao. Kazi yao inafanyika usiku usio na mbalamwezi, kwa taa juu ya maji, na kichungulio hapo kinapata tabu: kinapandisha nguvu ya kihisi, chengachenga zinajaa, mwendo wa picha unapungua mpaka mtu aliyevuta wavu anaonekana akivuta kwa kukatakata. Usitegemee macho yako kwa mwanga wa picha katika hali hiyo. Washa histogramu. Uvimbe ulale upande wa kushoto, maana ni usiku na unapaswa kuwa usiku, ila usigandame kwenye ukuta wa kushoto kabisa. Pundamilia iwe kwenye taa yenyewe tu, isifike kwenye mikono ya mvuvi. Na fungua jicho la pili, kwa sababu lililo kwenye kichungulio linapofushwa na ule mwanga, na mtumbwi si mahali pa kukanyaga kwa kukisia.

Hapo mtumbwini kuna mtego mwingine. Kichungulio kina kipimo cha ulalo, mstari unaogeuka kijani kamera ikinyooka, na kwenye nchi kavu kinatuondolea ile aibu ya picha ambayo ziwa linamwagika upande mmoja. Kwenye chombo kinachoyumba kipimo hicho kinachanganyikiwa, kwa kuwa kinahisi mvuto pamoja na mtikisiko wa mawimbi. Kizime, washa mistari ya gridi, linganisha mmoja wake na upeo wa maji.

Kuhusu fokasi tutasema kwa kifupi. Kamera ya kioo inapima fokasi kwa kifaa cha pembeni kilicho chini ya kioo, kikikosea kwa unywele unapata sikio kali na jicho lenye ukungu. Isiyo na kioo inapima kwenye kihisi chenyewe, na unachokiona kikiwa kikali ndicho kilicho kikali. Faida inakuwa kubwa kwa wenye lenzi za zamani za kuzungusha kwa mkono. Helios ya milimita 58 ikifunguliwa f/2, mtu akiwa mita moja na nusu, sehemu iliyo kali ni sentimita 8 hivi kwenye kihisi kikubwa, na vioo vya kamera za kisasa haviwezi kukuonyesha wembamba huo. Kwenye cha kielektroniki kuza mara 5 au 10, weka juu ya jicho, zungusha mpaka kope zihesabike. Zile kingo za rangi zinazoonyesha palipo kali ni msaada wa haraka tu. Zinapenda kingo zenye utofauti mkubwa, kwa hiyo kola ya shati jeupe itawaka hata kama uso bado. Usichague rangi nyeupe ukiwa ufukweni, itapotea kwenye mng'ao. Nyekundu inaonekana.

Uwanjani CCM Kirumba mambo ni tofauti, na hapa kioo bado kina wa kukitetea. Kamera za bei ya kati, ukipiga mfululizo kwa kasi ya juu, zinakuonyesha picha iliyopita, si inayotokea. Winga amekwishageuka, wewe bado unamfuata alikokuwa. Shusha kasi ya mfululizo kwa daraja moja. Picha zitapungua, lakini kati ya moja na nyingine unaona mchezo wenyewe. Kama kichungulio kina uchaguzi wa kuonyesha picha 60 au 120 kwa sekunde, weka 120. Tatizo la kichungulio kuwa giza kati ya picha na picha Sony walilimaliza kwenye a9 ya mwaka 2017, iliyopiga picha 20 kwa sekunde bila kichungulio kuzimika, ila teknolojia hiyo bado ni ya kamera ghali.

Na hizo nukta mnazotajiwa? Muuzaji akisema kichungulio kina nukta milioni 2.36, gawanya kwa tatu, kwa sababu nyekundu, kijani na bluu zinahesabiwa kila moja peke yake. Unabaki na pikseli 1024 kwa 768. Milioni 3.69 ni 1280 kwa 960, milioni 5.76 ni 1600 kwa 1200. Kwa harusi na habari 2.36 inatosha. Nikon Z 9 ya mwaka 2021, kamera ya juu kabisa ya kampuni ile, ina 3.69 tu, walichokimbilia ni wepesi wa mwendo wa picha na mwangaza mkali wa kupambana na jua. Ila angalia kama kichungulio kipo. Kuna kamera za siku hizi, Sony ZV-E10 mojawapo, zimetengenezwa kwa ajili ya wapiga video na hazina kabisa. Kijana ananunua kwa sababu ya megapikseli 24, anafika ufukweni anaanza kufunika skrini kwa kofia.

Gharama ya haya yote ni betri. Kwa kipimo cha kiwandani, Nikon D3500 ya kioo ilipewa picha 1,550 kwa betri moja. Sony a6400 isiyo na kioo ilipewa kama 410 kwa skrini ya nyuma na 360 kwa kichungulio. Harusi inayoanzia saluni asubuhi na kuishia ukumbini usiku inataka betri nne, na pawabenki ya kuchajia kwenye gari. Usiache kamera ining'inie kifuani ikiwa imewashwa: kijicho cha kuhisi uso kilicho juu ya kichungulio kinadhani tumbo lako ni paji la uso, kinawasha skrini ya ndani mchana kutwa. Kijicho hichohicho kikiingia tone la maji au vumbi la wacheza ngoma wa Bujora, skrini ya nyuma inakataa kuwaka, na mtu anaipeleka kamera kwa fundi. Futa kwanza kwa kitambaa laini.

Jua la kuzama nyuma ya Jiwe la Bismarck kila mtu analitaka. Kwa lenzi ndefu na kichungulio cha kioo, mwanga huo unakwenda moja kwa moja jichoni na unaweza kulijeruhi. Cha kielektroniki kinakuepusha na hilo, kwa kuwa unatazama skrini. Kihisi ndicho kinachobaki hatarini, maana hakuna kioo cha kukikinga: usiiache lenzi ikitazama jua ukisubiri mawingu, funika. Hatari iliyojificha iko upande wa nyuma. Kamera ikilazwa mezani au kwenye mchanga huku kichungulio kikitazama jua, ile lenzi ndogo inakusanya miale kama kioo cha kukuzia na kuiunguza skrini ya ndani. Doa hilo halifutiki.

Ndiyo maana anayenunua mtumba asimalize biashara ndani ya duka. Weka jicho, elekeza lenzi kwenye karatasi nyeupe, tafuta madoa ya njano au zambarau na nukta zisizobadilika. Funika lenzi kwa kifuniko chake, tafuta nukta zinazowaka gizani. Zungusha kigurudumu cha macho mwanzo hadi mwisho uone kama kinashika. Ondoa jicho na ulirudishe mara tano, uhesabu kama skrini zinabadilishana kila mara. Kisha mwombe muuzaji mtoke nje, umsimamishe mwenyewe na jua mgongoni, ugeuze gurudumu la +/- toka -2 mpaka +2. Kichungulio kisipobadilika, ingia kwenye ule mpangilio wa kuonyesha athari uuwashe. Kisipobadilika tena, mrudishie kamera yake.

Wapiga picha wa harusi na habari,
Kirumba, Mwanza